Mauna Kea: Mlima uliokodishwa kwa dola moja wakaribia mwisho wa mkataba

DOLA moja ya Marekani kwa mwaka. Hiyo ndiyo kodi ambayo Chuo Kikuu cha Hawaii kimekuwa kikitozwa tangu mwaka 1968 kwa kutumia kilele cha mlima Mauna Kea, eneo ambalo leo lina ukubwa wa zaidi ya ekari 11,000. Juu ya kilele hicho zimejengwa baadhi ya darubini kubwa kuliko zote duniani, mitambo iliyogharimu mamia ya mamilioni ya dola. Mkataba huo ni wa miaka 65, na utafikia ukomo wake mwaka 2033.

Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo wa huku kwetu, habari za darubini zilizo katikati ya Bahari ya Pasifiki zinaweza kuonekana ni mambo ya wakubwa. Lakini ukiziweka kando darubini zenyewe, kinachobaki ni kitu tunachokijua vizuri: ardhi, mvua, malisho, barabara, na mkataba uliosainiwa wakati mwenye ardhi hajui thamani ya kile anachokitoa.

Makala haya yanaeleza jinsi mlima huo ulivyo, kwa nini sehemu yake iliyodhaniwa kuwa haina faida ndiyo iliyokuja kugombewa, na nini mwenye ardhi anaweza kujifunza kabla hajatia sahihi.

Mlima mmoja, maeneo manne

Mauna Kea ni mlima wa volkano katika kisiwa kikubwa cha jimbo la Hawaii. Una urefu wa mita zipatazo 4,200 kutoka usawa wa bahari. Ukipimwa kuanzia kitako chake kilichoko chini ya bahari, unazidi mita 10,000, na ndiyo maana wapo wanaosema ni mrefu kuliko Everest. Volkano yake imelala, na mara ya mwisho ililipuka zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Jirani yake wa kusini, Mauna Loa, bado uko hai na ulilipuka Novemba 2022.

Kinachougawa mlima huo ni upepo. Karibu mwaka mzima upepo huvuma kutoka kaskazini mashariki ukiwa umebeba unyevu wa bahari. Ukifika mlimani hulazimika kupanda, hupoa na kuangusha mvua. Mji wa Hilo, ulioko pwani ya mashariki, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Ukivuka kwenda pwani ya magharibi, safari isiyofika kilomita 100, unakuta sehemu zinazopata milimita 250 hivi tu. Anayeijua Kilimanjaro hatashangaa, kwa maana huko nako upande wa kusini wenye migomba na kahawa haufanani na upande wa kaskazini ulio mkavu.

Eneo la kwanza, basi, ni ukanda wa chini wa mashariki na kaskazini mashariki, unaoitwa Hamakua. Udongo wake unatokana na majivu ya volkano, una kina na unashika maji. Kwa zaidi ya miaka 100 ukanda huo ulikuwa wa miwa. Mashamba makubwa yaliajiri watu, yakajenga reli na mifereji, na uchumi wa Hilo ukategemea sukari. Kilimo hicho kilishindwa kumudu gharama, na mwaka 1994 viwanda vya mwisho vya sukari vya Hamakua vikafungwa. Ardhi ile leo ina makadamia, zao ambalo wakulima wa Kenya nao wanalijua, pamoja na mikalitusi, mboga, tangawizi na malisho.

Eneo la pili ni la ng'ombe. Mwaka 1793 baharia Mwingereza George Vancouver alimletea Mfalme Kamehameha wa Kwanza zawadi ya ng'ombe. Mfalme akapiga marufuku kuwachinja ili waongezeke, nao wakaongezeka kupita kiasi, wakawa wa mwituni, wakala mazao na kubomoa misitu. Ndipo walipoletwa wachungaji kutoka Mexico kuwafundisha wenyeji kuwakamata na kuwafuga. Mwaka 1847 John Palmer Parker alianzisha ranchi ambayo hadi leo ina makao yake Waimea, kaskazini magharibi mwa mlima, ikiwa na ekari zipatazo 130,000.

Hapa Afrika Mashariki inaingia moja kwa moja. Majani yanayolisha sehemu kubwa ya ng'ombe wa Hawaii katika nyanda za juu zenye ubaridi ni majani ya kikuyu, yaliyotoka katika nyanda za juu za ukanda wetu na kupelekwa Hawaii katika miaka ya 1920. Yanatambaa, yanafunika udongo na kuvumilia kukanyagwa. Lakini kutegemea jani moja kuna gharama yake. Mwaka 2016 aligunduliwa upande wa Kona, magharibi mwa kisiwa, mdudu anayefyonza majani hayo na kuyaua. Tangu wakati huo amekwisha kuharibu malisho ya zaidi ya ekari 100,000, na nafasi ya majani hayo kuchukuliwa na magugu ambayo ng'ombe hawali.

Wafugaji hao wana tatizo jingine ambalo wetu watalitambua mara moja. Ndama wengi wa Hawaii hawanenepeshwi huko. Husafirishwa kwa meli hadi bara la Marekani kunenepeshwa na kuchinjwa, huku maduka ya kisiwani yakiuza nyama inayotoka huko huko bara. Ongezeko la thamani hufanyika kwa mwingine.

Eneo la tatu ni msitu wa juu, kati ya mita 2,000 na 3,000 hivi. Mti wake mkuu ni mamane, wa jamii ya kunde, unaokusanya maji ya ukungu na kuyadondoshea ardhini. Mbuzi na kondoo walioachwa kuzurura waliula msitu huo kwa zaidi ya karne moja. Katika miaka ya 1930 kondoo wa mlimani walihesabiwa kuwa zaidi ya 40,000. Mwaka 1979 mahakama ya Marekani iliiamuru serikali ya jimbo kuwaondoa mbuzi na kondoo ili kumnusuru ndege aitwaye palila, anayetegemea mamane kwa chakula. Ndege huyo leo anapatikana katika mlima huo tu na yuko hatarini kutoweka.

Eneo la nne ni kilele. Hakuna kinacholimwa wala kinachofugwa huko. Ni vilima vya changarawe nyekundu na nyeusi, theluji wakati wa baridi, na ziwa dogo liitwalo Waiau lililoko karibu mita 4,000. Mvua na theluji kwa mwaka hazifiki hata sehemu ya kumi ya mvua ya Hilo. Kwa macho ya mkulima, hiyo ni ardhi ya bure.

Kifuniko cha mawingu

Ardhi hiyo ya bure ndiyo iliyokuja kuwa lulu, na sababu yake ni ya kijiografia kabisa.

Kwa kawaida kadiri unavyopanda mlima ndivyo hewa inavyozidi kuwa baridi. Katika Mauna Kea, ukifika mita 2,000 hadi 2,500 mambo hubadilika. Hapo kuna tabaka la hewa ambalo ni la joto kuliko hewa iliyo chini yake, nalo hufanya kazi kama kifuniko cha sufuria. Mawingu na unyevu wa bahari hupanda hadi hapo na kukwama. Hivyo msitu hupata ukungu na mashamba hupata mvua, wakati kilele kinabaki juu ya mawingu, kikiwa kikavu na chenye anga safi kwa usiku mwingi wa mwaka.

Ukavu huo una maana kwa darubini, kwa sababu unyevu wa hewani huzuia aina fulani za miali inayotoka angani. Pia mlima umesimama peke yake katikati ya bahari, kwa hiyo upepo unaoufikia haujavurugwa na milima mingine, na nyota hazichezicheki sana zikitazamwa. Zaidi ya hayo, kisiwa hakina miji mikubwa ya kumulika anga. Taa za barabarani huko zimewekewa vifuniko na masharti ya rangi ya mwanga ili zisiharibu giza.

Kwa maneno mengine, kitu kile kile kinachomnyima mkulima mavuno kileleni, yaani ukavu, ubaridi na hewa nyepesi, ndicho anachokitafuta mtaalamu wa nyota. Thamani ya ardhi haipimwi kwa rutuba yake tu. Hupimwa pia kwa mahitaji ya mtu ambaye pengine hajafika bado.

Wafanyabiashara wa Hilo ndio walioanza

Wengi hudhani darubini ziliwashukia watu wa Hawaii kutoka nje. Ukweli ni kwamba walioziita mwanzoni walikuwa wafanyabiashara wa mji wa Hilo.

Mei 1960 tetemeko kubwa la ardhi nchini Chile lilisababisha tsunami iliyovuka Pasifiki na kuipiga Hilo. Watu 61 walikufa na eneo la biashara likasambaratishwa. Mji ulihitaji shughuli mpya ya uchumi, na miwa ilikuwa imeanza kuonyesha dalili za kuchoka. Mwaka 1963 Mitsuo Akiyama wa chama cha wafanyabiashara wa kisiwa hicho aliandika barua kwa vyuo vikuu vya Marekani na Japani, akiwakaribisha waje kuuangalia mlima. Mwanaastronomia Gerard Kuiper akaitikia. Mwaka 1964 ilichongwa barabara ya vumbi hadi karibu na kilele, akapima anga na kuridhika.

Mwaka 1968 jimbo likakipangisha chuo kikuu eneo lote la juu. Darubini kubwa ya kwanza, yenye kioo cha upana wa mita 2.2, ilianza kazi mwaka 1970. Zilifuata nyingine za Canada na Ufaransa, Uingereza, Japani na taasisi za Marekani, hadi zikafika 13. Darubini mbili za Keck, kila moja ikiwa na kioo cha mita 10, zilianza kazi mwaka 1993 na 1996. Ile ya Japani iitwayo Subaru, yenye kioo cha mita 8.2, ilianza mwaka 1999. Profesa Andrea Ghez, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2020 kwa kazi yake juu ya kitovu cha kundi letu la nyota, aliifanya kazi hiyo kwa kutumia Keck.

Faida kwa uchumi ipo, na si haki kuificha. Uchunguzi wa chuo kikuu hicho ulikadiria kwamba mwaka 2019 sekta ya elimu ya nyota iliingiza katika uchumi wa jimbo dola milioni 221 na kutegemeza ajira zaidi ya 1,300. Kuna mafundi umeme, madereva, wahasibu, wapishi na walinzi ambao mkate wao unatoka kileleni.

Kodi inayolipwa kwa usiku

Kama faida ipo, ugomvi unatoka wapi? Unatoka kwenye namna faida hiyo inavyogawanywa.

Chuo kikuu kililipa jimbo dola 1 kwa mwaka. Chenyewe kikawapangisha wenye darubini, wengi wao nao kwa dola 1 kwa mwaka. Badala ya fedha, chuo kilichukua malipo ya aina nyingine: usiku. Kila darubini ilitoa sehemu ya muda wake, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya usiku wote wa mwaka, ili wataalamu wa chuo hicho waitumie bure.

Kwa chuo, hiyo ilikuwa biashara nzuri sana. Kikawa miongoni mwa vituo vikubwa vya elimu ya nyota duniani. Lakini usiku wa darubini ni sarafu ambayo mtu mmoja tu anaweza kuitumia. Mfugaji wa Waimea hawezi kuununulia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mwenye genge la mboga Hilo hawezi kuuweka benki. Hata jimbo, ambalo ndilo mwenye ardhi, haliwezi kuugeuza kuwa fedha za kulipa walinzi wa mlima au kukarabati njia. Tukumbuke pia kwamba makao makuu ya chuo hicho yako Honolulu, ambao uko katika kisiwa kingine.

Matokeo yake yakaonekana mapema. Mwaka 1998 mkaguzi wa hesabu wa jimbo alitoa ripoti iliyokilaumu chuo kikuu na idara ya ardhi kwa kuutunza vibaya mlima wakati darubini zikizidi kuongezeka. Ulikuwapo mpango wa kujenga. Wa kutunza ulikosa fedha, kwa kuwa kodi yenyewe haikuwapo.

Jambo la pili lililokosekana katika mkataba ni kipengele cha kupitia kodi upya. Mwaka 1968 hakuna aliyejua kwamba kilele kile kingekuwa na darubini 13. Hilo si kosa, kwani hakuna binadamu anayeona miaka 65 mbele. Kosa ni kuifunga bei kwa miaka 65 kana kwamba mtu anaona.

Dola moja, mara tatu

Mauna Kea haiko peke yake. Katika eneo hilo hilo la mlima kuna mikataba mingine ya dola 1, na ukiilinganisha unaona picha nzima.

Kwenye uwanda ulio kati ya Mauna Kea na Mauna Loa, mahali paitwapo Pohakuloa, Jeshi la Marekani lilikodisha mwaka 1964 ekari zipatazo 23,000 za jimbo kwa mazoezi ya kivita. Kodi ni dola 1 kwa kipindi chote cha miaka 65. Mkataba huo utakwisha mwaka 2029, yaani miaka minne kabla ya ule wa kileleni. Mei 2025 bodi ya ardhi ya jimbo ilikataa kuipokea taarifa ya jeshi kuhusu athari za mazingira, hatua iliyoonyesha kwamba safari hii kuhuisha mkataba hakutakuwa jambo la kupiga muhuri tu.

Dola 1 ya tatu ni ya wenyeji wenyewe. Mwaka 1921 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwapa Wahawaii wa asili viwanja vya kuishi, kulima na kufuga, kwa mkataba wa miaka 99 na kodi ya dola 1 kwa mwaka. Anayestahili ni yule mwenye angalau nusu ya damu ya kienyeji. Sehemu ya ardhi hiyo iko kwenye miteremko ya Mauna Kea. Lakini maelfu ya watu wamekaa kwenye orodha ya kusubiri kwa miaka mingi, na wengine wamefariki dunia wakiwa bado wanasubiri.

Hapo ndipo uchungu ulipo. Taasisi kubwa ilipata dola 1 yake ikajenga. Jeshi likapata dola 1 yake likapiga mizinga. Mwenyeji ana dola 1 yake mkononi, anasubiri kuitwa jina.

Uchungu huo una historia nyuma yake. Sehemu kubwa ya ardhi hii, kikiwamo kilele, ilikuwa mali ya Ufalme wa Hawaii hadi Malkia Liliuokalani alipopinduliwa mwaka 1893. Marekani iliichukua mwaka 1898, na Hawaii ilipofanywa jimbo mwaka 1959 ardhi hiyo ilikabidhiwa jimbo kama amana, si mali ya kugawa ovyo. Kwa Wahawaii wengi wa asili, mlima huo pia ni mtakatifu. Katika mapokeo yao ni mtoto wa kwanza wa baba mbingu na mama ardhi, na wahenga wao wamezikwa huko.

Darubini ya mita 30 na barabara moja

Mambo yalifika kilele ulipokuja mradi wa darubini yenye kioo cha upana wa mita 30, inayofahamika kwa kifupi TMT. Vyuo vya California, pamoja na Japani, China, India na Canada, viliuchagua Mauna Kea mwaka 2009. Safari hii kodi haikuwa dola 1. Ilipangwa kupanda hatua kwa hatua hadi zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka, pamoja na mfuko wa dola milioni 1 kila mwaka kwa ajili ya elimu ya vijana wa kisiwa hicho.

Kama tatizo lingekuwa bei peke yake, hapo lingekwisha. Halikwisha. Sherehe ya uzinduzi Oktoba 2014 ilikatizwa na waandamanaji. Aprili 2015 watu 31 walikamatwa. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ya jimbo ilifuta kibali kwa sababu kilitolewa kabla wapingaji hawajasikilizwa ipasavyo. Kibali kikatolewa upya mwaka 2017, na mahakama ikakithibitisha Oktoba 2018.

Julai 2019 vifaa vilipotaka kupandishwa, maelfu ya watu walikusanyika kwenye njia panda ya barabara ya mlimani. Wazee walikaa mstari wa mbele, na zaidi ya 30 kati yao wakakamatwa. Jiografia ikaamua tena: barabara ya kufika kileleni ni moja tu, na aliyeishika ameushika mlima. Hata darubini zilizokuwapo zilisimamisha kazi kwa wiki kadhaa kwa kuwa wafanyakazi waliteremshwa. Mitambo ya mamia ya mamilioni ya dola ilinyamaza kwa sababu ya watu waliokaa chini kwenye lami.

Tangu hapo ujenzi haujaanza. Katika mapendekezo ya bajeti ya Marekani ya mwaka 2026, yaliyotolewa katikati ya mwaka 2025, mradi huo haukupewa nafasi ya kuendelea hatua ya mwisho ya usanifu, na mshindani wake wa Chile ndiye aliyependekezwa. Julai 2025 Serikali ya Hispania ilitangaza kuwa tayari kutoa hadi euro milioni 400 ikiwa darubini hiyo itahamishiwa kisiwa chake cha La Palma. Kwa hiyo muda nao umegeuka kuwa gharama.

Kuelekea mwaka 2033

Serikali ya jimbo imekwisha kukubali kwamba utaratibu wa zamani umefika mwisho. Mwaka 2022 Gavana David Ige alisaini sheria ya kuunda mamlaka mpya ya kusimamia Mauna Kea. Mamlaka hiyo inafanya kazi pamoja na chuo kikuu kwa kipindi cha mpito cha miaka mitano, kuanzia Julai 2023 hadi Julai 2028, ndipo ishike usimamizi wote. Sheria inatamka kwamba kuunga mkono elimu ya nyota ni sera ya jimbo, na wakati huo huo inawapa viti kwenye bodi watu wa mila na desturi za mlima huo.

Pia kazi ya kuondoa imeanza. Mwaka 2024 darubini mbili zilibomolewa na viwanja vyake kurejeshwa katika hali ya awali kadiri ilivyowezekana. Moja ilikuwa ya chuo kikuu chenyewe na nyingine ya taasisi ya Caltech. Hilo nalo ni fundisho kwamba mgeni anayeingia na zege lazima aseme mapema atatoka nalo vipi.

Maswali yaliyobaki ni magumu. Wenye darubini hawawezi kuwekeza katika vifaa vipya bila kujua kama watakuwapo baada ya mwaka 2033, na mwekezaji asiye na uhakika hupunguza matumizi, kwa hiyo ajira za Hilo zinaguswa kabla hata mkataba haujaisha. Kwa upande mwingine, mamlaka mpya ikikimbilia kusaini ili kuokoa ajira, itarudia kosa la mwaka 1968. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, njia iliyo salama ni mikataba mifupi kuliko ule wa kwanza, kodi ya fedha taslimu inayopitiwa upya kila baada ya miaka michache, na sehemu ya kodi hiyo kubaki katika kisiwa kwa ajili ya msitu, maji na vijana.

Nini cha kuchukua

Katika ukanda wetu, vilele vya milima na vilima vinazidi kutafutwa. Kampuni za simu zinataka mahali pa minara, wenye hoteli wanataka mandhari, wachimbaji wanataka mawe na kokoto, na wapo wanaotafuta upepo wa kuzalisha umeme. Mara nyingi sehemu wanayoitaka ni ile ambayo kijiji au familia inaiona haina kazi, kwa kuwa hailimiki. Mauna Kea inatufundisha kuwa makini hasa hapo.

Kwanza, usipange bei ya ardhi kwa kuangalia unachokivuna wewe. Uliza mgeni anavuna nini na kwa nini hakwenda kwingine. Kama hana pengine pa kwenda, una nguvu mezani.

Pili, usifunge bei kwa miaka mingi. Muda mrefu unaweza kukubalika kama kuna tarehe zilizoandikwa za kupitia kodi upya. Bila tarehe hizo, miaka 65 ni kama kuuza.

Tatu, angalia malipo yanalipwa kwa kitu gani na nani ataweza kukitumia. Ahadi ya huduma ambayo inamfaa mwenyekiti au taasisi moja si malipo kwa kijiji. Fedha inayoonekana kwenye hesabu za wote ndiyo inayozuia manung'uniko.

Nne, andika nani ataondoa zege, vyuma na mashimo mkataba ukiisha, na fedha za kazi hiyo ziwekwe kando tangu mwanzo.

Tano, na pengine hili ndilo kubwa, wahusishe wote wenye haki kabla ya kusaini. Mradi wa TMT ulikuja na kodi nzuri kuliko yote iliyoutangulia, lakini ulikuja kwa watu waliokuwa wameachwa nje ya chumba kwa miaka 40. Fedha haikuweza kununua miaka hiyo.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kilele cha Mauna Kea kilikuwa na daftari, na ndani yake iliandikwa dola 1. Kazi ya watu wa kisiwa kile, kuanzia sasa hadi mwaka 2033, ni kuliandika upya wakiwa wote wanaona kinachoandikwa. Mwenye kilima, shamba au kiwanja kinachonyemelewa na mwekezaji ana nafasi bora kuliko yao, kwa sababu yeye daftari lake bado ni jeupe.